Paka mwenye kisukari na akromegali: insulini peke yake, dawa, mionzi au upasuaji?

Paka wengi wanaoanza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa mno na kukonda hutibiwa kisukari na kutulia baada ya wiki chache za insulini na chakula chenye wanga kidogo. Makala haya yanamhusu paka mwingine: yule ambaye dozi yake imepandishwa kutoka uniti 2 hadi 5, kisha 9, kisha 14 kila baada ya saa 12, sukari haishuki, naye badala ya kukonda ananenepa na kulilia chakula mchana na usiku. Mwenye paka huyo akishaambiwa kwamba tatizo ni homoni ya ukuaji, huwekewa mezani njia nne zinazotofautiana mno kwa bei, kwa hatari na kwa kazi zinazomsubiri nyumbani, na hutakiwa kuchagua akiwa bado hajazoea hata jina la ugonjwa wenyewe.

Sisi tuliwekewa njia hizo kwa ajili ya Tunu, dume aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka 11, hapa Luton, Uingereza. Dalili zilikuwa mbele ya macho yetu kwa miezi mingi. Mkanda wake wa shingoni ulilegezwa matundu mawili, meno ya taya la chini yakaanza kutokeza mbele ya yale ya juu, nyayo zikatanuka, na usiku alikoroma kama mtu mzima. Daktari wa kwanza alituuliza kila tulipokwenda kama sindano tunazichoma sawasawa. Swali hilo lilikuwa la haki, kwa kuwa insulini iliyoharibiwa na joto, au sindano iliyoishia kwenye manyoya bila kufika chini ya ngozi, huweza kuifanya sukari isishuke. Lakini ilipita miezi saba kabla ya mtu yeyote kuitaja tezi ya pituitari.

Tezi hiyo ni ndogo sana, nayo hukaa chini ya ubongo. Katika akromegali, kivimbe kilichoota humo, ambacho kwa kawaida si saratani ya kusambaa, humwaga homoni ya ukuaji bila kipimo. Homoni hiyo hulichochea ini kutoa kemikali iitwayo IGF-1, inayokuza mifupa ya uso, ulimi, moyo, figo na ini lenyewe, na wakati huohuo huzifanya seli za mwili ziipuuze insulini. Kwa hiyo paka ana maradhi mawili, na kisukari ni mtoto wa uvimbe. Uchunguzi wa paka 1,221 wenye kisukari nchini Uingereza, uliofanywa na Royal Veterinary College na kuchapishwa mwaka 2015, ulikuta takriban robo yao wakiwa na IGF-1 iliyozidi nanogramu 1,000 kwa mililita, kiwango ambacho kikifikiwa, akromegali huthibitika kwa sehemu kubwa ya paka. Miongoni mwa waliothibitishwa, madaktari waliokuwa wakiwatibu walikuwa wameushuku ugonjwa huo kwa nguvu katika takriban robo tu. Ni maradhi yanayopita kimyakimya, hasa kwa madume waliohasiwa wa umri wa kati na uzee.

Jambo moja kabla ya kulinganisha chochote: uthibitisho uwe umekamilika. Kipimo cha IGF-1 kinaweza kutoa jibu la chini lisilo la kweli kwa paka ambaye ndiyo kwanza anaanza insulini, kwa sababu ini huhitaji insulini ili litengeneze IGF-1. Anayeshukiwa hurudiwa kipimo baada ya wiki sita hadi nane za sindano. Baada ya damu hufuata picha ya kichwa, ya CT au MRI, na hiyo ndiyo inayoonyesha ukubwa wa uvimbe na kama unausukuma ubongo.

Vigezo

Nimepima kila njia kwa maswali matano. La kwanza, ambalo naliona kuwa mama wa mengine, ni njia hiyo inatibu nini: kisukari, uvimbe, au vyote viwili? La pili ni matarajio ya kupunguza insulini au kuachana nayo kabisa. La tatu ni hatari, za siku zile za tiba na za baadaye. La nne ni gharama na umbali, maana baadhi ya tiba hizi zinapatikana katika hospitali chache sana duniani. La tano ni kazi ya kila siku nyumbani, ambayo aghalabu huulizwa mwisho, ingawa ndiyo itakayobebwa kwa muda mrefu kuliko zote.

Insulini peke yake

Njia hii inatibu kisukari tu. Uvimbe unaachwa uendelee, na kwa hiyo uso, moyo na viungo vitaendelea kubadilika. Matarajio ya kuacha sindano ni madogo sana. Lengo la busara hapa si sukari iliyonyooka mchana kutwa. Ni paka asiyeteswa na kiu, asiyekonda, na asiyeangukia katika sukari ya chini. Paka wengi huishi miezi mingi, na baadhi miaka, kwa mpango huu, na mwenye paka anayeuchagua asidhani kwamba amemtupa mnyama wake.

Kuhusu hatari, inabidi nikae kidogo. Paka wa kawaida mwenye kisukari huanzishiwa uniti moja au mbili kwa sindano; paka wa akromegali anaweza kufikia uniti 20 au zaidi. Dozi kubwa namna hiyo haidhuru maadamu homoni ya ukuaji inaipinga, lakini homoni hiyo hupanda na kushuka, na siku inaposhuka, dozi ya jana inakuwa kubwa mno kwa leo. Jioni moja nilimkuta Tunu kando ya bakuli lake akiyumba miguu ya nyuma, macho yamepanuka, haitikii jina lake. Mashine ya kupimia sukari ilisoma milimoli 2.1 kwa lita, yaani chini mno. Nilimpaka asali kwenye ufizi kwa kidole, nikampima tena kila baada ya robo saa, na tukaenda hospitali akiwa amefungwa kwenye taulo. Tangu hapo asali haikosekani katika droo ya sindano.

Hatari nyingine ni ya mabomba ya sindano. Insulini nyingi za wanyama, kama Caninsulin na ProZinc, zina uniti 40 kwa mililita, ilhali glargine ya kawaida ya binadamu ina uniti 100. Anayevuta insulini ya uniti 100 kwa bomba la uniti 40, akisoma mistari ya bomba hilo, humpa paka mara mbili na nusu ya dozi aliyokusudia. Kwa dozi za akromegali, kosa hilo linaua. Somo hili linawahusu sana wasomaji wa Mombasa, Dar es Salaam au Muscat wanaonunua insulini katika duka la dawa za binadamu: bomba na chupa vitoke katika kiwango kimoja, na mistari isomwe kwa sauti kabla ya kuchoma.

Gharama ya mwezi ni ndogo kuliko za njia nyingine zote, ingawa dozi kubwa humaliza chupa upesi na gharama hiyo haina mwisho. Kazi ya nyumbani ndiyo nzito. Ni sindano mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, pamoja na kupima sukari kwa tone la damu la ukingo wa sikio. Mama yangu aliye Tanga, ambaye amejidunga insulini kwa miaka mingi, aliniambia kwenye simu nilipolalamikia ratiba: “Mwanangu, sindano haisubiri mgeni.” Ni kweli hivyo hivyo kwa paka. Aidha, daktari aangalie moyo, shinikizo la damu, figo na maumivu ya viungo, kwa sababu mara nyingi hivyo ndivyo vinavyomaliza maisha ya paka huyu kuliko sukari yenyewe.

Njia hii inamfaa paka mzee mwenye maradhi mengine, familia isiyofikika na hospitali kubwa, au mwenye paka ambaye ratiba ya saa 12 haimsumbui.

Neno kuhusu dawa mpya za kunywa zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, bexagliflozin na velagliflozin, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2022 na 2023. Watu huzitaja kama njia ya kukwepa sindano. Maelekezo yake ya Marekani yanazielekeza kwa paka ambao hawajawahi kutumia insulini, kwa kuwa zinaweza kuleta sumu ya ketoni, yaani asidi zinazojaa katika damu mwili unaposhindwa kutumia sukari, hata sukari ikisomeka kuwa ya kawaida. Wengi wa paka tunaowazungumzia wako kwenye insulini tayari. Anayetaka kuzijaribu afanye hivyo chini ya jicho la bingwa, wala asiache insulini kwa uamuzi wake mwenyewe.

Dawa za kuibana homoni

Hapa lengo linasogea kutoka kwenye sukari hadi kwenye homoni yenyewe, ingawa kivimbe kinabaki mahali pake. Dawa yenye ushahidi mzuri zaidi wa kushusha IGF-1 kwa paka ni pasireotide, sindano inayoweza kuchomwa mara moja kwa mwezi. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2017, kati ya paka 14 walioanza, 8 walimaliza miezi sita, na 3 kati ya hao waliachana na insulini. Wengine walipunguziwa dozi. Cabergoline, ambayo ni ya kunywa na ya bei nafuu zaidi, ina matokeo yanayokinzana: huko Argentina, takriban theluthi moja ya paka 23 waliacha insulini, lakini katika kundi dogo la paka 9 nchini Uingereza haikuleta nafuu iliyoonekana.

Hatari za pasireotide hazitishi kama za upasuaji, lakini zinachosha. Paka 11 kati ya wale 14 waliharisha, na sukari ya chini iliwatokea wengine kwa sababu homoni ilipobanwa, insulini ya zamani ikawa kubwa. Bei ya pasireotide ni ya kuvunja moyo, kwa kuwa ni dawa ya binadamu yenye ugonjwa adimu. Kazi ya nyumbani haipungui: sindano za insulini zinaendelea, na upimaji unaongezeka katika wiki za mwanzo. Kwa maoni yangu, njia hii inamfaa zaidi paka anayesubiri zamu ya mionzi au upasuaji, au yule ambaye hawezi kulazwa kwa dawa ya usingizi. Cabergoline kwa aliye tayari kujaribu kwa miezi michache, akipima, na kuacha bila majuto isipofanya kazi.

Mionzi

Mionzi inaulenga uvimbe moja kwa moja. Zamani paka alilazwa usingizi mara kumi au zaidi kwa vipande vidogo vya mionzi. Siku hizi vituo vyenye mashine za kulenga kwa usahihi mkubwa humaliza kazi kwa kikao kimoja hadi vichache. Takwimu ninazoziamini zaidi ni za Colorado State University, zilizochapishwa mwaka 2018 na kuhusu paka 53. Kati ya wale ambao dozi zao ziliweza kufuatiliwa, asilimia 95 walipunguziwa insulini na asilimia 32 waliiacha, baadhi kwa muda tu. Nusu ya paka waliishi zaidi ya siku 1,072, yaani karibu miaka mitatu.

Ila mionzi haina haraka. Dozi ya insulini hufika chini kabisa baada ya miezi mingi, kwa kawaida tisa au kumi hivi, na tarehe ya kuanza kushuka haitabiriki. Hapo ndipo hatari yake kubwa ilipo: mwenye paka aliyekwisha kuzoea uniti 14 anaendelea kuzichoma kwa mkono uliozoea, siku ambayo mwili unahitaji 6. Pia IGF-1 inaweza kubaki juu hata sukari ikitulia, kwa hiyo usitarajie uso au moyo urudi ulivyokuwa. Paka wachache hupungukiwa na homoni ya dundumio, tezi ya shingoni, baadaye na kuhitaji kidonge. Kwa upande mwingine, vifo vya siku za tiba si tishio kama katika upasuaji, na kwa uvimbe mkubwa unaousukuma ubongo, unaomfanya paka azungukezunguke, apofuke au apate kifafa, mionzi mara nyingi ndiyo njia inayopendekezwa.

Gharama ni ya maelfu ya pauni au dola, na mashine ziko katika hospitali kubwa za wanyama za nchi chache. Bima za Uingereza huweza kulipia, lakini soma kikomo cha mwaka, na ukumbuke kwamba bima iliyonunuliwa baada ya ugonjwa kutajwa kwa kawaida haiugusi ugonjwa huo. Nyumbani, kazi haiishi kwa miezi mingi. Inaanza kupungua polepole.

Tunu alipata mionzi. Moyo wake ulikuwa umeshaanza kunenepa, na madaktari wa upasuaji walitueleza kwa uwazi kwamba saa nyingi za usingizi zingemwelemea. Mwezi wa tano dozi ilianza kushuka, ikafika uniti 5, ikakaa hapo. Hakuiacha insulini. Aliendelea kukoroma.

Upasuaji wa kuondoa tezi

Hii ndiyo njia pekee kati ya nne inayouondoa uvimbe pamoja na tezi yote, na kwa hiyo ndiyo yenye matarajio makubwa zaidi kwa maradhi yote mawili. Daktari hupitia kinywani, hupasua kaakaa laini, hutoboa mfupa wa chini ya fuvu na kuitoa tezi. Katika paka 68 wa Royal Veterinary College ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2021, 58 walikuwa hai baada ya wiki nne. Kati ya hao 58, paka 41 waliachana na insulini kabisa, nusu yao katika siku tisa za mwanzo. Kwa watano kati ya hao 41, kisukari kilirudi baadaye.

Namba hizo zisomwe pande zote mbili. Paka kumi kati ya 68 hawakuufikia mwezi mmoja. Kila ninapozungumza na mtu anayetaka upasuaji namwomba akae na namba hiyo usiku mmoja, amtazame paka wake aliyelala, kisha ajiulize kama ataweza kuishi na uamuzi wake upande wowote utakaotokea. Hatari za siku za mwanzo ni sukari kushuka ghafla, chumvi za damu kuvurugika, na moyo kuelemewa na maji ya mishipani. Baada ya hapo paka hana tena tezi iliyokuwa ikiongoza nyingine, hivyo hupewa maisha yake yote kidonge cha steroidi na cha homoni ya dundumio, na kwa wiki, miezi au zaidi, matone ya desmopressin yanayotiwa jichoni ili asipoteze maji yote kwa mkojo.

Kwa hiyo anayesema “nataka kuachana na sindano” aelewe kwamba anabadilisha kazi moja kwa nyingine. Vidonge havina hatari ya sukari kushuka, na ratiba yake ni ya upole zaidi, lakini kidonge cha steroidi hakikosekani. Paka anayekataa kabisa vidonge, anayevitema nyuma ya kochi na kuvificha, ni hoja halali dhidi ya upasuaji, na sijui kwa nini watu huona haya kuitaja.

Gharama ni kubwa kuliko zote kwa mkupuo, na vituo vyenye mikono iliyozoea ni vya kuhesabika: Royal Veterinary College karibu na London, Washington State University nchini Marekani, Utrecht nchini Uholanzi, na vingine vichache. Uzoefu wa timu una uzito katika matokeo. Uliza wamefanya mara ngapi kwa paka, na wangapi walirudi nyumbani. Njia hii inamfaa paka ambaye moyo na figo zake bado ni imara, uvimbe wake haujawa mkubwa mno, familia yake ina fedha au bima ya kutosha, na ipo karibu na kituo kwa wiki za mwanzo.

Kwa hali yako

Ukiwa na paka wa miaka minane, mwenye moyo mzima, bima isiyofika kikomo na kituo cha upasuaji ndani ya saa chache za gari, zungumza na timu ya upasuaji kwanza, tena mapema, kabla miezi ya homoni haijaugusa moyo. Kuchelewa ndiko kulikotufungia sisi mlango huo.

Ukiwa na paka ambaye uvimbe wake ni mkubwa au ameanza dalili za ubongo, au ambaye usingizi mrefu unamtisha daktari wa moyo, anza na wataalamu wa mionzi, na jiandae kupima sukari kwa bidii katika mwaka mzima unaofuata.

Ukiwa Afrika Mashariki, au popote ambapo safari ya kuvuka bahari na paka mgonjwa haiwezekani, panga insulini vizuri: chupa moja, bomba la kiwango chake, mashine ya sukari, asali, na daktari mmoja anayepokea simu. Muulize kuhusu cabergoline, ambayo ni dawa ya binadamu, na umweleze kwamba dozi ya paka ni ndogo mno, hivyo kidonge kigawanywe na mfamasia wala si kwa kisu cha jikoni.

Ukiwa na paka wa miaka 15 mwenye figo dhaifu, anayekula vizuri na bado anapanda dirishani kuota jua, insulini ya kiasi na dawa ya maumivu ya viungo ni tiba kamili kwa huyo, wala mtu asikufanye ujisikie kwamba umechagua kidogo. Na siku insulini yenyewe itakapokuwa mateso kwake, daktari mwema atakubali kuzungumza nawe juu ya kumlaza bila maumivu.

Ukiwa bado unasubiri majibu ya IGF-1, usipandishe dozi kila wiki kwa kukasirikia mashine. Andika uzito wake kila Jumapili, piga picha ya uso wake kutoka upande mmoja ule ule, na usiku, akishalala fofofo, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikizidi 30 kwa dakika usiku baada ya usiku, mpigie daktari asubuhi bila kungoja majibu, kwa kuwa hapo kinachoomba msaada huenda ni moyo.